Fedha Zimfuate Mtu: Historia ya Willowbrook na Mageuzi Yaliyofuata

Septemba 1866, wakazi wa Batavia, mji mdogo wa jimbo la New York, walikusanyika kushuhudia jiwe la msingi la shule ya vipofu likiwekwa. Msemaji mkuu alikuwa Daktari Samuel Gridley Howe wa Boston, ambaye kwa wakati huo hakuwa na mshindani katika kazi hiyo nchini Marekani. Alikuwa ameiongoza shule ya vipofu ya Perkins tangu mwaka 1832, na mwaka 1848 alifungua shule ya kwanza ya umma ya watoto wenye ulemavu wa akili. Watu walitarajia pongezi, naye akawapa onyo. Aliwaambia kwamba kuwakusanya mahali pamoja watu wenye ulemavu wa aina moja, mbali na jamaa zao, ni kinyume cha maumbile. Alisema taasisi za namna hiyo hugeuka mahali pa mateso kwa urahisi mno, na kwamba zikilazimu kujengwa, ziwe chache iwezekanavyo.

Hawakumsikia. Kwa miaka 100 iliyofuata kila jimbo lilijenga, likapanua, likajenga tena. Mwaka 1967 taasisi za majimbo za watu wenye ulemavu wa akili zilikuwa na wakazi karibu 195,000. Jinsi nchi tajiri ilivyofika hapo, na ilivyohangaika kutoka, ni historia inayostahili kusomwa na kila anayepanga huduma za umma kwa watu wenye ulemavu, popote alipo.

Shule zilizogeuka makazi ya kudumu

Nia ya mwanzo haikuwa mbaya. Howe alikusudia mtoto akae shuleni miaka michache, ajifunze kuvaa, kula mwenyewe, kuzungumza na kufanya kazi za mikono, kisha arudi kwao. Lakini wengi waliorudi hawakupata kazi, na baadhi ya familia hazikuwa na uwezo wa kuwapokea. Wakuu wa shule nao waligundua kwamba wanafunzi waliokwisha kufunzwa ndio wenye faida kubwa wakibaki. Walilima mashamba ya taasisi, walifua, walipika, waliwauguza wenzao waliolemewa zaidi, na yote hayo bila mshahara. Kadiri walivyobaki ndivyo gharama ya kumtunza kila mkazi ilivyoonekana ndogo mbele ya wabunge wa jimbo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaja itikadi ya kuchuja uzazi. Wasomi wenye vyeo walidai kwamba umaskini, uhalifu na ulemavu wa akili hurithiwa, na kwamba dawa yake ni kuwafungia watu hao na kuwazuia wasizae. Indiana ilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi mwaka 1907. Mwaka 1927 kesi ya Carrie Buck, msichana wa Virginia aliyepelekwa taasisi baada ya kubakwa na kupata mimba, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mahakama ikaamua kwamba jimbo lina haki ya kumfunga kizazi bila ridhaa yake. Katika karne hiyo zaidi ya Wamarekani 60,000 walifanyiwa hivyo. Taasisi ambayo Howe aliiwazia kuwa daraja la kumrudisha mtoto kwao ikawa ukuta wa kuilinda jamii dhidi yake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mzazi aliyepata mtoto mwenye ulemavu wa akili mara nyingi alishauriwa na daktari ampeleke taasisi mapema, kabla hajamzoea. Aliyekataa ushauri huo alirudi nyumbani mikono mitupu. Shule ya umma iliweza kumkataa mtoto wake bila kuulizwa na mtu. Hakukuwa na muuguzi wa kumtembelea, wala mtu wa kumpokea kwa saa mbili ili mama alale. Bajeti ya jimbo ilihesabu vitanda, na vitanda hivyo vilikuwa ndani ya taasisi tu. Mzazi aliyechoka akasaini karatasi, kisha akalaumiwa kwamba amemtupa mwanawe.

Willowbrook

Hakuna taasisi iliyojulikana vibaya kuliko Willowbrook State School, katika kisiwa cha Staten Island, jijini New York. Majengo yake yalikamilika mwaka 1942, jeshi likayatumia kwanza kama hospitali ya majeruhi, na mwaka 1947 yakaanza kupokea watoto na watu wazima wenye ulemavu wa akili. Nafasi zilikuwa za watu 4,000, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1960 walisongamana zaidi ya 6,000. Seneta Robert Kennedy alipoingia huko bila taarifa mwaka 1965, alitoka akiwaambia waandishi kwamba amelikuta shimo la nyoka. Magazeti yakaandika, viongozi wakaahidi, mambo yakarudi yalivyokuwa.

Ndani ya kuta hizo homa ya ini ilienea kiasi kwamba watoto wengi walioingia waliipata ndani ya muda mfupi. Daktari Saul Krugman wa Chuo Kikuu cha New York aliona hapo nafasi ya utafiti. Kuanzia mwaka 1956 yeye na wenzake waliwaambukiza watoto kwa makusudi ili kuufuatilia ugonjwa. Wazazi walitia saini za ridhaa. Hata hivyo, kuna wakati taasisi ilipojaa na kufunga milango kwa wapya, huku wodi ya utafiti ikiendelea kupokea watoto. Mzazi asiye na pengine pa kwenda hakuwa na uhuru wa kukataa. Utafiti huo ulisaidia kuzitofautisha aina mbili za homa ya ini na kufungua njia ya chanjo. Faida hiyo ni ya kweli, na wala haipunguzi uzito wa dhambi iliyotendwa kwa watoto wale.

Mwaka 1971 hali ikazidi kuoza. Jimbo lilikuwa limesitisha ajira ili kubana matumizi, na Willowbrook ikapoteza mamia ya wafanyakazi. Mhudumu mmoja aliachiwa makumi ya watoto wasioweza kujilisha wala kwenda chooni wenyewe. Wazazi wakaanza kukutana na kulalamika kwa sauti. Daktari kijana Michael Wilkins na mfanyakazi wa ustawi wa jamii Elizabeth Lee waliowatia moyo wazazi hao walifukuzwa kazi. Lakini Wilkins alibaki na ufunguo wa wodi. Mwanzoni mwa Januari 1972 alimfungulia mlango Geraldo Rivera, ripota wa televisheni ya WABC, pamoja na mpiga picha wake.

Usiku huo watazamaji waliona watoto uchi wamejikunyata sakafuni katika chumba chenye giza, na wengine waliopakaa kinyesi. Rivera aliwaambia kwamba picha inaweza kuonyesha sura na sauti ya mahali pale, lakini haiwezi kuwafikishia harufu yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ushahidi uliochoma zaidi ulitoka kwa aliyelala hapo. Bernard Carabello, kijana mwenye mtindio wa ubongo, alikuwa ameishi Willowbrook miaka 18 kwa sababu usemi wake mzito ulimfanya ahesabiwe kuwa na ulemavu wa akili ambao hakuwa nao. Mbele ya kamera alieleza jinsi walivyopigwa, na jinsi alivyotamani kusoma. Baadaye Carabello alitoka, akapata kazi, akashiriki kuanzisha chama cha New York cha watu wenye ulemavu wanaojisemea wenyewe.

Hukumu, na ugumu wa kuitekeleza

Machi 1972 wazazi na mawakili wa haki za raia waliishtaki serikali ya jimbo katika mahakama ya shirikisho. Walitaka majaji watamke kwamba mtu aliyefungiwa na serikali ana haki ya kutibiwa na kufundishwa. Jaji Orrin Judd hakukubali kwenda umbali huo. Katika uamuzi wa mwaka 1973 alisema Katiba inawapa wakazi haki ndogo zaidi, ile ya kukingwa wasidhurike. Aliamuru waajiriwe wauguzi na wahudumu zaidi, na akapiga marufuku kuwafungia wakazi peke yao.

Lakini ushahidi ulipoendelea kusikilizwa, haki hiyo ndogo ilionekana kuwa pana kuliko ilivyodhaniwa. Mtoto asiyefundishwa kutembea misuli yake hukakamaa. Asiyesemeshwa hupoteza hata maneno aliyokuja nayo. Kwa hiyo kumkinga asidhurike kulimaanisha kumfundisha, na kumfundisha kulimaanisha kumtoa pale. Mwaka 1975 Gavana Hugh Carey, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia madarakani, alikubali kumaliza kesi kwa mapatano mbele ya mahakama. Jimbo liliahidi kwamba ndani ya miaka sita Willowbrook itabaki na watu wasiozidi 250, na wengine wote, maana wadai walikuwa zaidi ya 5,000, watapewa makazi madogo katika mitaa ya kawaida.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Ilibidi zitafutwe nyumba, mashirika ya kidini na ya hiari yashawishiwe kuziendesha, wahudumu wafunzwe, na mikataba ilipwe kwa wakati. Majirani walijazana kwenye mikutano wakipinga, wakisema bei ya nyumba zao itashuka na watoto wao hawatakuwa salama. Mwaka 1978 bunge la New York lilipitisha sheria iliyotaka mtaa uarifiwe kabla nyumba haijafunguliwa. Mtaa uliopinga ulitakiwa kupendekeza mahali pengine panapofaa, au kuthibitisha kwamba makazi ya aina hiyo yameshazidi hapo. Chuki peke yake haikuwa hoja tena. Wafanyakazi wa taasisi nao walihofia ajira zao, na hofu yao haikuwa ya bure, kwani wengi walikuwa watu wa kipato cha chini walioutegemea mshahara huo. Kamati ya kusimamia mapatano ilipozidi kuisukuma serikali, mwaka 1980 wabunge waliinyima fedha.

Muda wa miaka sita ulipita kabla lengo halijafikiwa. Hata hivyo watu waliendelea kutoka, wachache kwa wachache, na mwaka 1987 Willowbrook ilifungwa. Sehemu ya viwanja vyake leo ni chuo kikuu. Wengi waliotabiriwa kwamba hawataweza kuishi nje waliweza. Walijifunza kupanda basi, kuchagua chakula, kufunga mlango wa chumba chao wenyewe.

Mlango wa shule

Wakati kesi ya Willowbrook inaendelea, wazazi wengine walikuwa wakibisha mlango wa shule. Mwaka 1972 wazazi wa Pennsylvania walipata mapatano mahakamani kwamba kila mtoto mwenye ulemavu wa akili ana uwezo wa kufaidika na elimu, na jimbo halina ruhusa ya kumwacha nje. Mwaka huohuo, jijini Washington, Jaji Joseph Waddy alijibu utetezi wa bodi ya shule kwamba hakuna fedha. Alisema kama fedha ni pungufu, upungufu huo ugawanywe kwa haki, usiwaangukie watoto wenye ulemavu kuliko wengine. Kwangu mimi, huo ni mmoja wa misingi bora iliyowahi kuwekwa kuhusu bajeti ya umma.

Bunge la Marekani lilipochunguza, lilibaini kwamba watoto wenye ulemavu walikuwa zaidi ya milioni 8. Zaidi ya nusu yao hawakupata elimu inayowafaa, na milioni 1 walikuwa wametengwa kabisa na shule za umma. Tarehe 29 Novemba 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya bure, mpango wake mwenyewe wa masomo, na mzazi nafasi ya kukaa kwenye meza inapoandikwa mipango hiyo na kukata rufaa asiporidhika. Ford alitahadharisha kwamba sheria imeahidi mengi kuliko serikali itakavyoweza kutoa. Bunge liliweka lengo la kulipia, kwa kila mtoto mwenye ulemavu, hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja, na mpaka leo halijawahi kulifikia. Wilaya za shule ndizo zimekuwa zikiziba pengo.

Historia hizi mbili zilikutana kwa namna ya kusikitisha mwaka 1978. Baadhi ya watoto waliotoka Willowbrook walikuwa wameanza shule za kawaida jijini New York. Bodi ya elimu ikataka kuwaondoa, kisha kuwatenga katika madarasa ya peke yao, kwa kuwa walikuwa na virusi vya homa ya ini, ugonjwa ambao taasisi ya serikali ndiyo iliyowapa. Mahakama ilikataa, na mwaka 1979 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Sheria waliyoitegemea majaji ni kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, ambacho kiliwekewa kanuni kwa jasho la watu wenye ulemavu wenyewe.

Wenye jambo wanaingia ofisini

Kifungu cha 504 kilisema kwa ufupi kwamba taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu hairuhusiwi kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Bila kanuni za utekelezaji, maneno hayo yalikaa kwenye karatasi kwa miaka minne. Aprili 5, 1977, watu wenye ulemavu zaidi ya 100 waliingia jengo la serikali mjini San Francisco na kukataa kutoka. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Judy Heumann, aliyepata polio akiwa mdogo. Shule ilimkataa utotoni kwa madai kwamba kiti chake cha magurudumu kingekuwa hatari moto ukizuka. Alipokua, jiji la New York lilimnyima leseni ya ualimu, akalishtaki hadi akaipata.

Simu zilipokatwa, viziwi waliokuwa ndani waliwasiliana na wenzao wa nje kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Chama cha Black Panther kiliwaletea chakula cha moto kila siku. Walilala sakafuni, wengine bila dawa zao na bila wasaidizi wao wa kawaida. Aprili 28 waziri mhusika, Joseph Califano, alizitia saini kanuni zile bila kuzipunguza.

Si mbali na hapo, mjini Berkeley, Ed Roberts alikuwa amekwisha kuonyesha huduma mpya inavyoweza kuwa. Polio ilimpooza mwili kuanzia shingoni akiwa na miaka 14, na usiku alipumua kwa msaada wa mashine. Ofisa wa idara ya jimbo ya urekebishaji alimnyima msaada wa masomo kwa hoja kwamba hataweza kufanya kazi kamwe. Roberts alipigania nafasi yake, akasoma, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakafungua kituo cha maisha ya kujitegemea, kilichoendeshwa na watu wenye ulemavu kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kilitafuta wasaidizi wa nyumbani, nyumba zenye milango mipana, mafundi wa viti. Baadaye gavana wa California alimteua Roberts kuwa mkurugenzi wa idara ileile iliyomkataa.

Nani ashike fedha

Kuna mageuzi mengine yaliyokwenda mrama, na ni lazima yatajwe. Mwaka 1955 hospitali za umma za magonjwa ya akili zilikuwa na wagonjwa karibu 559,000. Mwaka 1963 Rais John Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili katika jamii ili hospitali hizo zipunguzwe. Hospitali zilimwaga watu nje, lakini vituo vilivyojengwa vilikuwa karibu nusu tu ya vilivyokusudiwa, na fedha zilizookolewa hazikuwafuata waliotoka. Wengi waliishia barabarani na magerezani. Wapinzani wa kila mageuzi huutaja mfano huu, nao una fundisho tofauti na wanalolitoa. Kosa halikuwa kumfungulia mtu mlango. Kosa lilikuwa kumtoa na kuiacha bajeti nyuma.

Mfuko wa Medicaid, unaolipia matibabu ya watu wa kipato cha chini na huduma nyingi za ulemavu, ulikuwa na upofu huohuo. Mwaka 1981 taifa zima lilimjua mtoto Katie Beckett wa Cedar Rapids, Iowa. Ugonjwa wa ubongo aliougua akiwa mchanga ulimfanya ategemee mashine ya kupumulia, na kwa karibu miaka mitatu aliishi hospitalini. Madaktari walikubali arudi nyumbani, na gharama ya nyumbani ilikuwa takriban sehemu moja ya sita ya ile ya hospitali. Lakini angetoka, Medicaid ingeacha kumlipia. Rais Ronald Reagan alilitaja jambo hilo mbele ya waandishi wa habari, mtoto akarudishwa kwao, na mwaka huohuo majimbo yakaruhusiwa kuomba kibali cha kutumia fedha za Medicaid kwa huduma za nyumbani na katika jamii. Ruhusa hiyo ya kibajeti ndiyo iliyowatoa watu wengi katika taasisi.

Tarehe 26 Julai 1990 ikaja sheria kubwa ya haki za Wamarekani wenye ulemavu, ikikataza ubaguzi kazini, kwenye usafiri na katika huduma zote za umma. Swali likabaki: je, kumweka mtu taasisi bila sababu ni ubaguzi? Lois Curtis na Elaine Wilson, wanawake wawili wa Georgia wenye ulemavu wa akili na maradhi ya akili, ndio waliolifikisha mahakamani. Madaktari walikuwa wamesema wanaweza kuishi nje, lakini jimbo liliendelea kuwaweka hospitalini. Juni 22, 1999, Jaji Ruth Bader Ginsburg alisoma uamuzi wa Mahakama ya Juu: kumtenga mtu anayeweza na anayetaka kuishi na wenzake ni ubaguzi. Curtis aliishi nje, akawa msanii, na mwaka 2011 alimkabidhi Rais Barack Obama mchoro wake katika Ikulu ya Marekani.

Deni lililobaki

Uamuzi huo uliacha mwanya. Mahakama iliruhusu majimbo kuzingatia uwezo wao wa fedha na kuwa na orodha za kusubiri, mradi zisogee kwa kasi ya kuridhisha. Sheria ya Medicaid nayo bado inalazimisha kila jimbo kulipia nyumba za uuguzi, huku sehemu kubwa ya huduma za nyumbani ikiachwa kuwa hiari. Kwa hiyo kitanda cha taasisi ni haki, na msaada wa nyumbani ni foleni. Mamia ya maelfu ya Wamarekani wamo kwenye foleni hiyo, na wahudumu wanaosubiriwa hulipwa kidogo mno kiasi kwamba wengi huacha kazi kabla ya kuizoea. Mageuzi yaliyoanza kwa ufunguo wa daktari aliyefukuzwa hayajakamilika.

Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, na ibara yake ya 19 inatambua haki ya kuishi katika jamii. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Kwetu mlezi mkuu bado ni familia, mara nyingi mama, na taasisi kubwa za namna ya Willowbrook hazikuenea. Hiyo ni nafasi adimu ya kuliepuka kosa kabla ya kulitenda. Kabla hatujashangilia jengo jipya, tuulize fedha zake zingefanya nini zikimfikia mtoto mahali alipo: mwalimu aliyefunzwa katika shule ya kijijini kwao, kiti kinachohimili barabara ya vumbi, mama anayelipwa au kupumzishwa, msaidizi anayeheshimiwa. Na katika meza inapopangwa mipango hiyo, wawepo wenye ulemavu wenyewe tangu kikao cha kwanza, wakiwa na kura. Marekani ilijua ukweli huu tangu 1866, na ikauacha karne nzima kwa sababu kuhesabu vitanda kulikuwa rahisi kuliko kumsikiliza mtu. Sisi hatuna karne ya kupoteza.